SOMO: Kupima barabara ya zege bila kuibomoa, na kwa nini saa ya kupima jointi ni muhimu

Wakuu, salaam. Swali la "nyundo ya Schmidt inatosha kusema barabara ni nzima?" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Haitoshi. Nyundo hiyo hudunda juu ya zege na kusoma ugumu wa uso tu. Barabara ya zege mara nyingi haifi kwa sababu zege ni dhaifu. Inafia kwenye jointi (maungio kati ya vipande vya zege) na chini ya slabu (kipande chenyewe), mahali ambapo nyundo haifiki.

1. Tembea kwa miguu. Zipe slabu namba, chora nyufa, angalia kingo zilizomeguka na madoa ya tope kando ya jointi.

2. Buruta mnyororo, kisha gonga kwa nyundo pale unapotilia shaka. Zege zima hulia kwa sauti kali na kavu. Lililoachana kwa ndani hutoa sauti nzito ya uwazi, kama unagonga debe tupu. Hapa utakamata matabaka yaliyoachana karibu na uso tu.

3. Pitisha rada kupata unene wa slabu na mahali doweli (nondo zinazovusha mzigo kwenye jointi) zilipo. Usiamini unene wowote kabla ya kukata angalau silinda moja (kipande cha zege kinachochimbuliwa kwa mashine) ya kulinganishia, maana unyevu ndani ya zege hupunguza kasi ya mawimbi na slabu itaonekana nene kuliko ilivyo.

4. Nyundo ya Schmidt. Sugua uso kwa jiwe lake mpaka mistari ya ufagio iishe. Piga mara 10, kila pigo eneo jipya, chukua wastani, toa namba iliyopishana na wastani kwa zaidi ya 6. Zikizidi mbili, tupa seti nzima uanze upya. Unapiga kuelekea chini, kwa hiyo tumia mchoro wa kutafsiri namba kuwa nguvu ya zege kwa kupiga chini, si ule wa ukutani. Namba hiyo ni ugumu wa uso. Zege kuukuu lililoingiwa na hewa ya ukaa huwa na uso mgumu hata kama ndani kumelegea.

5. Mwangwi wa pigo. Unagonga kwa kigololo cha chuma, kihisio kinasoma mtetemo unaorudi kutoka chini ya slabu. Unene ni 0.96 × kasi ya wimbi ndani ya zege ÷ (2 × mtetemo, yaani mara ngapi kwa sekunde). Kasi ikiwa mita 4,000 kwa sekunde na mtetemo hezi 8,000, unapata mita 0.24. Unene ukija nusu ya unaoutarajia, kuna tabaka limeachana katikati.

6. Jointi. Hapa naomba msome taratibu.

Mashine ya kudondosha uzito huangusha mzigo juu ya sahani ya kipenyo cha milimita 300, na geofoni (vihisio vya mtikisiko) zinasoma slabu imebonyea mikromita ngapi. Unaweka sahani upande mmoja wa jointi, unasoma pande zote mbili. Mbonyeo wa upande usio na mzigo, gawa kwa wa upande wenye mzigo, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya mzigo unaovuka jointi. Ikiwa juu ya 75 mimi naridhika; chini ya 60 jointi inaumwa.

Kazi yangu ya kwanza nilipima saa saba mchana, jua kali. Jointi moja ilisoma 150 na 135, yaani asilimia 90. Nikaandika kwenye ripoti kwamba jointi ni nzima na nikasaini. Mvua zilipoanza, kila lori likipita tope lilikuwa linaruka kutoka kwenye jointi hizo hizo. Nilirudi saa kumi na mbili asubuhi, sahani ileile, jointi ileile: 310 na 130. Asilimia 42. Mashine haikuwa na kosa. Kwenye joto slabu zilikuwa zimetanuka na kubanana, kokoto zimeumana, na mzigo ukavuka kwa msuguano huo wakati doweli zilikuwa zimeshalegea. Ripoti ile ilichelewesha matengenezo, na bado inaniuma.

Kwa hiyo:
- Jointi zipimwe asubuhi kukiwa na ubaridi. Jua likishapanda na slabu kubanana, funga mashine.
- Andika joto la zege, si la hewa tu. Toboa vitundu vyembamba vya kina tofauti, tia mafuta, chovya kipimajoto.
- Ripoti isiyo na saa ya kipimo, irudishe kwa mwenyewe.

7. Vifaa vikipingana, kata silinda hapo hapo penye ubishi, si pengine.

MASWALI

Mjenzi_Kijana: Mkuu nimepiga nyundo mara 3 nimepata 38, hiyo ni nguvu ya MPa (megapaskali) ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4. Mara 10.

Mjenzi_Kijana: Nina haraka kaka, nipe makadirio tu.

Mwandishi: Sitoi. Watu watapita juu ya hayo makadirio.

Binti_Lami: Shikamoo mkuu. Na uwazi chini ya kona ya slabu, nao tupime alfajiri?

Mwandishi: Marahaba. Umeuliza jambo ambalo wengi hawalifikirii. Hapana, si alfajiri kabisa. Usiku uso wa slabu unapoa kuliko tumbo lake, kona zinajikunja kwenda juu na kuacha kujilaza kwenye kitako. Ukidondosha mzigo pale, kona inabonyea sana, nawe utasema kuna shimo wakati hakuna. Subiri vipimajoto vyako vya juu na chini vikaribiane. Kisha dondosha mizigo mitatu, tuseme kilonewtoni 27, 40 na 53, chora mbonyeo dhidi ya mzigo na urefushe mstari mpaka mzigo sifuri. Ukipita karibu na sifuri, kona imekalia vizuri. Ukikata juu ya mikromita 50, shuku uwazi.

Fundi_Zege: Sisi hatuna hiyo mashine. Tufunge virago?

Mwandishi: Msifunge. Tafuteni boriti mbili za Benkelman (mikono mirefu ya kupimia mbonyeo) na lori lenye ekseli ya nyuma ya kilonewtoni 80. Ncha moja upande huu wa jointi, nyingine upande wa pili, lori lisogee polepole mpaka gurudumu lifike ukingoni. Hesabu ni ileile ya hatua ya 6. Miguu ya boriti isikae kwenye slabu inayobonyea, la sivyo mtapima kitu kinachoshuka pamoja nanyi.

Mzee_wa_Greda: Nyongeza ya hatua ya 1. Tembea mvua ikishakatika, uso unapoanza kukauka. Ufa mwembamba unabaki na maji, unaonekana mstari mweusi hata ule usiouona siku kavu.

Mwandishi: Asante sana mzee wangu, hiyo naiongeza kwenye somo leo hii. Na chaki hapo haishiki. Ni krayoni ya nta.

Mzee_wa_Greda: Ya njano. Nyeupe inapotea kwenye zege.