Unaogopa Kuacha Sigara Usinenepe? Shika Futi Kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Magomeni, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni wasichana wa sare za sendoff na kitchen party. Kila msimu wapo wawili watatu wanaosimama nikiwapima, halafu katikati ya vipimo wananiomba dakika mbili watoke nje "kupata hewa". Hewa hiyo naijua harufu yake, nimeivuta miaka saba. Nikimuuliza mmoja kwa nini haachi, jibu ni lile lile: "Dada, nitanenepa."

Basi mdogo wangu, rudi hapa kwenye kioo, nikupime vizuri.

Chukua futi ya fundi, ile laini, si ya seremala. Jipime asubuhi kabla ya chai. Kiuno hakipimwi pale mkanda wa suruali unapokaa, kinapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi, usibane tumbo, maana futi haina wa kumdanganya isipokuwa wewe mwenyewe. Hipsi zipime pale makalio yalipojaa zaidi. Kisha gawanya kiuno kwa hipsi. Shirika la Afya Duniani limeweka alama kwa mwanamke: kiuno kikipita sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu hivi, au jibu la kugawanya likifika 0.85, ujue mafuta yamehamia tumboni, na hapo ndipo kisukari na presha hupiga hodi.

Siku niliyojipima mimi, mizani ilisema kilo 56. Mashosti wote walinionea wivu. Futi ikasema kiuno inchi 33, hipsi 38. Piga hesabu: 0.87. Mwembamba mwenye kitambi! Kumbe ndiyo maana sketi zilikuwa zinanikaba juu na kupwaya nyuma, nami kwa miezi nikilaumu vitambaa.

Nilianza nikiwa na miaka 19, kwa sababu rafiki aliniambia sigara inakata njaa. Hakunidanganya. Nikotini huenda kwenye ubongo ikazima njaa, na huufanya mwili uchome nguvu kidogo zaidi ya kawaida. Uongo huo wenye nusu ya ukweli ni wa zamani: mwishoni mwa miaka ya 1920 kule Marekani, matangazo ya Lucky Strike yaliwaambia wanawake wachukue sigara badala ya pipi, na mwaka 1968 ikatolewa Virginia Slims, sigara nyembamba ya wanawake, jina lenyewe likibeba ahadi ya wembamba. Lakini nikotini hiyo hiyo huamsha adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, kana kwamba unakimbizwa na mbwa mara 10 kwa siku. Pia hufanya insulini ishindwe kazi yake sawasawa. Mwili ulio katika hali hiyo hupenda kuweka akiba tumboni. Ndiyo maana wavutaji wengi huwa na kilo chache kuliko wenzao lakini kiuno kipana zaidi kwa hipsi walizonazo. Unavuta ili upate namba nane, unaishia kuwa namba moja.

Halafu kuna estrojeni, homoni yetu ya kike. Moshi huamsha ini lifanye kazi kwa pupa, na kati ya vitu linavyovunja haraka ni estrojeni. Ndiyo maana wanawake wanaovuta hufikia ukomo wa hedhi mwaka mmoja au miwili kabla ya wenzao, na wengi husumbuliwa zaidi na maumivu ya hedhi. Mimi yangu ilikuwa ya kulala chini sakafuni, nimeshika tumbo, na sigara mkononi. Leo nacheka, siku zile sikucheka.

Sasa kuacha.

Panga tarehe, na usiipange kwenye wiki inayotangulia hedhi. Mimi nilijaribu wakati huo mara mbili, na mara zote mbili niliishia dukani usiku kununua moja moja. Wanawake wengi huwa na hamu kali zaidi siku hizo. Mara ya tatu nilingoja hedhi iishe: Alhamisi, tarehe 3 Machi 2022.

Arosto, yaani ile shida ya mwili kukosa sigara, huwa kali zaidi siku tatu nne za mwanzo, halafu hupungua, na kwa wengi ndani ya wiki tatu au nne imeshalegea. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba hamu moja haidumu. Inakuja kama wimbi, dakika tatu, tano, inapita. Pindo la sketi moja kwenye cherehani yangu ni dakika tano. Hamu ikija, nashona pindo. Wiki ile nilimaliza sare 12 kabla ya siku, mteja akadhani nimeajiri kijana. Wewe tafuta pindo lako: kuosha vyombo, kusuka mstari mmoja wa nywele, kwenda na kurudi hadi kituoni.

Kahawa na chai punguza nusu, hasa wiki za mwanzo. Ini lililokuwa likivunja estrojeni kwa haraka lilikuwa likivunja kahawa kwa haraka vilevile. Ukiacha moshi linatulia, kwa hiyo kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi hauji, moyo unadunda, nawe unadhani ni arosto, unarudi kwenye sigara. Mara nyingi ni kahawa tu.

Usifunge njaa ili uzuie kilo. Hapa ndipo wengi tunapoanguka, maana njaa na hamu ya sigara ukizichanganya huwezi kuzitofautisha. Zamani kifungua kinywa changu kilikuwa chai ya rangi na sigara mbili. Nikabadilisha: yai la kuchemsha, mihogo au maharage ya jana, asubuhi kabla sijafungua kibanda. Mdomo unaotaka kitu upe karoti, tango, karanga kiasi cha kiganja, au embe mbichi na chumvi na pilipili. Ladha inarudi mapema, na embe litakushangaza. Adui ni soda: chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa, nami wiki ya pili nilikuwa nakunywa tatu kwa siku.

Kama ulikuwa unawasha ya kwanza kabla hujanawa uso, utashi peke yake unaweza usitoshe. Uliza duka kubwa la dawa kuhusu bigijii za nikotini. Hazitafunwi kama za watoto. Tafuna taratibu mpaka isikike kali, ibane kati ya shavu na ufizi, ikipoa tafuna tena. Usinywe soda, juisi wala kahawa robo saa kabla yake, maana uchachu huzuia nikotini kuingia. Zinasaidia pia kuchelewesha kilo. Mwenye mimba azungumze na kliniki kwanza.

Na kama unatumia vidonge vya majira, mwambie nesi ukweli kwamba unavuta, hata asipouliza. Vile vyenye estrojeni pamoja na sigara huongeza hatari ya damu kuganda na kiharusi, na mvutaji aliyefikisha miaka 35 hushauriwa atumie njia nyingine. Tena vidonge hivyo hufanya mwili umalize nikotini haraka, ndiyo maana shosti anayevitumia anaweza kuona hamu inamrudia upesi kuliko wewe.

Usihamie shisha. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2016, lakini najua milango inayofunguka usiku. Kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja, hata ukiwa na harufu ya tufaha.

Kilo? Zitaongezeka, sitakuficha. Kwa wastani ni nne hadi tano katika mwaka mzima, nyingi zikija miezi mitatu ya kwanza, ingawa karibu mtu mmoja kati ya sita hupungua. Mimi niliongeza tatu na nusu, na kiuno kikapanda hadi 34. Nililia kwenye kioo cha wateja. Ramadhani ikanikuta wiki ya tano, mwaka wa kwanza nafuturu tende bila kuwaza kiberiti. Baada ya Idi nikaanza kutembea jioni kutoka kibandani hadi Kinondoni na kurudi, siku nne kwa wiki, kwa mapafu ambayo sasa yalikubali. Nilijipima kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, si kila siku. Mwezi wa tisa: kiuno 32, hipsi 39. Hiyo ni 0.82, kwa mwili mzito kuliko ule wa wivu.

Jambo moja la kifundi, ambalo hulisikii hospitali. Miezi mitatu ya kwanza ya kuacha usishone nguo ya kubana, na ukishona, mwambie fundi akuachie akiba ya mshono inchi moja kila upande. Zipu isiyofunga imewarudisha wasichana wengi dukani kununua moja moja. Akibani kuna nafasi, tunaachia tu. Mimi kazi hiyo silipishi.