Unataka kugombea udiwani kwa hoja ya kubana matumizi? Hivi ndivyo unavyoijenga mpaka mama wa sokoni akuelewe

Nimekuwa mweka hazina wa kamati ya mfongo wetu (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba) huku Old Moshi miaka 9, na 2020 nilimsaidia binamu yangu alipotia nia ya udiwani kata moja ya mjini Moshi. Hoja yake ilikuwa moja, kwamba halmashauri ipunguze matumizi yasiyo na maana na isianzishe kitu isichoweza kukitunza. Hakupita kura za maoni za chama ila yale tuliyojifunza naona watu wengi wanayahitaji, maana kila nikisikia mtu anataka kumpinga diwani aliyepo kwa hoja ya pesa za umma, naona anarudia makosa yaleyale tuliyofanya sisi wiki ya kwanza.

Utaitwa mhafidhina. Kwa wengi hilo neno linamaanisha mtu anayepinga maendeleo, wewe usilikimbie, waeleze linamaanisha nini hapa kwetu. Uchagani mfongo unachimbwa mara moja lakini unasafishwa kila mwaka, vizazi na vizazi, na anayekosa siku ya kusafisha anapigwa faini, asipolipa faini zamu yake ya maji inarukwa. Wazee hawakuwa na mhasibu ila walijua kitu kimoja, gharama ya kuchimba ni ndogo kuliko gharama ya kutunza. Huo ndio uhafidhina ninaousema mimi, na ukiuelezea hivyo kwa mtu wa Moshi hahitaji kusoma chuo kukuelewa.

Sasa tuanze na makaratasi, maana bila makaratasi wewe ni mlalamikaji tu kama walalamikaji wengine wa kijiweni.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo ukisikia 2023/24 ujue ni Julai mpaka Juni. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi alafu zinawasilishwa bungeni Aprili, na zote zinawekwa kwenye tovuti ya ofisi ya CAG, unapakua bure. Ipo ripoti ya serikali kuu na ipo ya serikali za mitaa, wewe anza na ya serikali za mitaa. Usisome kurasa zote mwanzo mwisho utachoka, tafuta jina la halmashauri yako kila linapotajwa, andika namba ya ukurasa kwenye daftari. Na mapato na matumizi ya halmashauri yanatakiwa yabandikwe kwenye mbao za matangazo, nenda kapige picha na simu, ukikuta hayapo hiyo nayo ni hoja. Vikao vya kawaida vya baraza la madiwani vinakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza, binamu yangu alikaa vikao viwili kabla hajafungua mdomo na ndo vilimfundisha kuliko kitu kingine chochote.

Kuna kitu kimoja ukikosea hapa wapinzani wako watakumaliza. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha kutoka kwa CAG, ile watu wanaiita hati safi, diwani aliyepo atasimama jukwaani aseme tumepata hati safi pesa zenu ziko salama. Hati inahusu hesabu, kwamba zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi. Haisemi kwamba pesa imetumika kwa busara. Unaweza kununua kitu cha kijinga kwa risiti halali kabisa na ukapata hati safi. Hii waeleze watu taratibu, kwa mfano wa harusi: kamati ya harusi inaweza kuwa na risiti za kila kitu mpaka ya kiberiti, lakini kama mapambo yamekula nusu ya michango na wageni wamekosa nyama, mwenye harusi hawezi kufurahia risiti.

Alafu jua mipaka ya udiwani. Mishahara ya walimu na manesi inatoka hazina, usisimame kusema utaipunguza wala utaiongeza, huna huo uwezo. Anachokigusa diwani kweli ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma na vitu kama hivyo, na jinsi yanavyogawanywa. Humo ndani kuna ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha kwa sababu ya matatizo ya usimamizi na 2024 ikarudishwa. CAG amesema mara nyingi kwamba mikopo mingi hairudi. Mtu wa kubana matumizi asiseme ifutwe, ni sheria na inasaidia watu, aulize vikundi gani vimerudisha na vipi havijarudisha, na orodha isomwe kwenye mkutano wa mtaa kama tunavyosoma majina ya wasiolipa kwenye VICOBA. Pesa ikirudi kikundi kingine kinakopa, isiporudi dada wa kikundi kinachofuata anaambiwa asubiri mwaka mwingine. Vilevile angalia makusanyo ya zile mashine za POS za kukusanyia ushuru, karibu kila mwaka ripoti zinaonyesha halmashauri ambazo pesa ilikusanywa kwa mashine na haikufika benki. Hapo hata huhitaji kubana kitu, ni kudai kilichokusanywa kifike.

Sasa sehemu ambayo mimi naona ndio moyo wa jambo lote. CHAGUA KITU KIMOJA kinachoonekana kwa macho. Sisi tulianza na asilimia na mabilioni, watu wakawa wanaangalia simu. Siku binamu alipozungumzia choo cha soko ndo watu walinyamaza. Kuna soko moja, silitaji, walijengewa choo kizuri kabisa, likaja gari la matangazo, hotuba, utepe ukakatwa, soda zikanywewa. Ndani ya miezi michache kikafungwa na kufuli kwa sababu hakuna aliyeweka kwenye bajeti bili ya maji wala mtu wa kusafisha. Akina mama wakarudi kuomba choo kwenye nyumba za jirani kwa kulipia.

Ukipata mfano kama huo piga hesabu yake mbele ya watu. Tuseme maji ni 150,000 kwa mwezi, msafishaji na mlinzi 300,000, dawa na vifaa 50,000, hiyo ni laki tano, kwa mwaka milioni 6, kwa miaka 10 milioni 60. Kama kukijenga ilikuwa milioni 35 basi kumbe bei halisi ya kile choo ilikuwa milioni 95 na sisi tulipanga ya 35 tu. (Hizi namba ni za mfano, wewe kachukue za kwenu, mita ya maji inasomeka na msafishaji anajua mshahara wake.) Ukishafanya hivyo mara moja watu wenyewe wataanza kukuletea mifano, zahanati isiyo na umeme, stendi isiyo na taa, gari la taka lililosimama kwa kukosa tairi.

Fanya hivyohivyo na posho. Kikao cha watu 30, kila mtu 50,000 na chakula cha 15,000, ni 1,950,000 kwa siku moja. Nenda kwa fundi seremala Pasua muulize dawati bei gani, akikwambia 80,000 basi hicho kikao ni madawati 24. Watoto watatu kwa dawati, watoto 72 wananyanyuka sakafuni. Sisemi vikao vifutwe, vingine ni vya kisheria, nasema semina ya kujengeana uwezo inayofanyika hotelini wakati ukumbi wa halmashauri upo wazi iulizwe.

Deni la taifa watu watalitaja hata usipolitaja, kwa hiyo jiandae. Kwa ripoti ya CAG lilikuwa trilioni 82.25 Juni 2023 na likawa trilioni 97.35 Juni 2024. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ukigawanya hilo la Juni 2024 ni kama milioni 1.58 kwa kila kichwa, kachanga kakiwemo. Serikali inasema deni ni himilivu kwa sababu likilinganishwa na pato la taifa liko chini ya ukomo wa asilimia 55. Usibishane na hilo, ni kipimo halali kinachotumika. Wewe sema hivi: liliongezeka trilioni 15 ndani ya mwaka huo mmoja, na mtu anayekopa kujenga nyumba ya kupangisha si sawa na anayekopa kununua suti, tuonyeshwe ipi ni ipi. Na useme wazi kwamba diwani halipi deni la taifa, ila kila shilingi ambayo halmashauri inaikusanya na kuitunza vizuri ni shilingi ambayo haiombwi Dodoma.

Wakikwambia hizo fikra ni za kigeni wapeleke Arusha. Januari 1967 halmashauri kuu ya TANU ilikaa Arusha na Azimio likatangazwa Februari 5. Mwalimu alikuwa mjamaa, simgeuzi kuwa mhafidhina, lakini Azimio linasema wazi pesa si msingi wa maendeleo, linaonya kuhusu kutegemea misaada na mikopo, na linasema jambo ambalo mimi kila nikilisoma linanigusa, kwamba mikopo inaelekezwa zaidi mijini wakati anayeilipa kwa jasho ni mkulima. Bibi yangu alilipa kwa kahawa. Hili jambo ni la kwetu.

Hapa sasa ndipo wengi wanaanguka: TAJA UTAKACHOKATA. Kusema nitabana matumizi bila kutaja ni sawa na kusema nitapungua uzito. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru la Desemba 9 na bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge kule Dar. Uwe ulimpenda au hukumpenda, angalia ile kauli ilivyojengwa, kilitajwa kinachokatwa, kiasi, na kinakokwenda. Mtu wa kawaida aliielewa siku hiyohiyo. Lakini pia jifunze upande wa pili, kipindi hichohicho ilianza miradi mikubwa ya SGR na bwawa la umeme na deni likaendelea kupanda, maana sherehe ni pesa ndogo. Marekani ilikuwa hivyohivyo, Ronald Reagan alimshinda Jimmy Carter 1980 akihubiri serikali ndogo, akapunguza kodi huku akiongeza bajeti ya jeshi, na deni lao likakaribia kuwa mara tatu ndani ya miaka 8. Kwa hiyo usiahidi kupunguza ushuru wa soko na kujenga barabara kwa wakati mmoja. Chagua.

Na cha kwanza kukatwa kiwe chako. Binamu alisema safari za mafunzo nje ya mkoa hataenda mpaka choo cha soko kifunguliwe, akaandika kwenye karatasi akasaini. Hiyo karatasi ilizunguka kuliko kipeperushi chochote.

Swali gumu nililikuta Kiboriloni, kwa mama mmoja wa mitumba. Akamwambia binamu, "Mwanangu, hao wengine wanasema wataleta lami, wewe unasema utabana, sasa mimi unaniletea nini?"

Akajibu vibaya kwanza, akaanza maelezo ya bajeti. Mama akamkata, "Hapana, niambie kitu kimoja."

Ndo akasema, "Mama, nitaleta ile iliyojengwa ifanye kazi."

Yule mama akakaa kimya kidogo akasema haya, andika namba yangu. Jibu lako liwe fupi hivyo. Usiwadharau wanaotaka lami, vumbi la kiangazi na tope la masika wanalikanyaga wao, waambie lami utaidai ila na mtaro wake, maana barabara bila mtaro mvua ya pili inaondoka nayo.

Pesa ya kampeni yako ndiyo bajeti ya kwanza watu wataiona. Takrima ilishapigwa chini na Mahakama Kuu tangu 2006 na sheria ya gharama za uchaguzi ipo tangu 2010, lakini bado utaambiwa wajumbe wanaopiga kura za maoni hawatoki bure. Usitoe. Huwezi kusimama kuongelea nidhamu ya pesa huku umegawa bahasha usiku, na atakayepewa atajua utairudishia wapi. Andika kila ulichotumia, mafuta ya bodaboda, vocha, kuchapisha karatasi, bandika kwenye mlango wako. Ilituuma kuona wengine wakipita kwa njia nyingine, inauma kweli, ila leo binamu akisimama kwenye mkutano wa mtaa kuuliza risiti hakuna anayeweza kumrudishia swali.

Kingine, usimwite mtu mwizi. Sema ripoti ya mwaka fulani, ukurasa fulani, inasema hivi, tunaomba maelezo. Utajikinga na kesi na watu watakusikiliza zaidi, maana diwani aliyepo ana ndugu zake hapo mkutanoni na wengine ni wajomba zako.

Kura zikishahesabiwa, umepata au umekosa, tangazo la kikao cha robo inayofuata litabandikwa pale halmashauri. Nenda na lile daftari lenye namba za kurasa, kaa viti vya nyuma, andika nani aliuliza kuhusu choo na alijibiwa nini. Choo cha lile soko kilifunguliwa mwaka uliofuata, diwani aliyetushinda ndiye aliyekisemea barazani, na bili ya maji sasa iko kwenye bajeti.