Kufunga mota ya nyuma kwenye baiskeli ya milimani: ekseli na breki kwanza

Seti ya mota ya habu (mota inayokaa katikati ya gurudumu) ya kugeuza baiskeli iwe ya umeme, ya volti 36 au 48, haimshindi fundi baiskeli aliyezoea kazi. Tatizo la huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini, ni milima. Mota ikiwa na nguvu lakini ekseli haikushikwa vizuri, au breki zikabaki zilezile za zamani, umejiongezea njia ya kuanguka.

Chagua mota ya nyuma. Ukipanda, uzito unahamia nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele linateleza kwenye changarawe. Mota yenye gia ndani ndiyo ya kupandia. Isiyo na gia, ikizunguka polepole chini ya mzigo, inageuza umeme mwingi kuwa joto. Hata hivyo, yenye gia nayo isaidie kwa pedali pale inapolemewa. Gia zake za ndani huwa za nailoni, na nailoni ikipata moto sana huisha meno.

Hatua ya 1: fremu. Pima nafasi ya ekseli ya nyuma, upande kwa upande. Mota nyingi za nyuma zinataka milimita 135. Fremu ya chuma iliyopungua kidogo inaweza kupanuliwa taratibu. Ya alumini usiiguse, itapasuka. Futa vumbi kwenye maungio yote ya kuchomelea uangalie nyufa. Baiskeli nyeusi zenye breki za vyuma virefu hazifai zikiwa hivyo, kwani mvua ikinyesha raba zake zinateleza kwenye rimu. Weka breki za diski, au walau za waya zinazobana rimu ya alumini, mbele na nyuma.

Hatua ya 2: ekseli. Hapa usiwe na haraka. Mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli yenyewe inasukumwa kuzunguka kinyume kwa nguvu ileile. Ikishinda, inapanua mpasuo wa fremu inamokaa, inazunguka na kukata nyaya zinazotokea ndani yake, na gurudumu linaweza kuchomoka. Nati peke yake haitoshi. Weka washa zenye jino linaloingia kwenye mpasuo huo wa fremu, kisha mkono wa chuma unaoshika sehemu bapa za ekseli na kufungwa kwenye fremu kwa bolti au klempu. Mkono huo usicheze hata kidogo.

Kaza nati kufikia nyutoni-mita 40, au kipimo cha mtengenezaji kama kimeandikwa. Kama huna spana ya kupimia, chukua ya kawaida, ilaze sawa na ardhi, kisha vuta chini kwa uzito wa kilo 20 ukiwa sentimita 20 kutoka katikati ya nati. Ni karibu sawa. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Mstari ukikatika, nati imelegea.

Waya wa mota ushuke chini kwanza ndipo upande kwenda kwenye kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), ili maji yadondoke yasiingie ndani.

Hatua ya 3: umeme. Unganisha mota, aksileta na swichi za mikono ya breki kwanza. Betri iwe ya mwisho. Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri. Kwa kontrola ya ampea 20, ya ampea 30 inatosha. Inua gurudumu lisiguse chini, washa, gusa aksileta kidogo. Likitetemeka bila kuzunguka, kagua plagi ya nyaya nyembamba za sensa, mara nyingi pini imerudi nyuma. Likizunguka kinyume, usibahatishe kubadilisha nyaya nene. Kontrola nyingi zina nyaya mbili za kujifunza: ziunganishe hadi gurudumu lizunguke sawasawa, kisha zitenganishe. Sasa vuta breki moja moja. Kila moja lazima izime mota papo hapo.

Hatua ya 4: betri. Ifunge katikati ya fremu, siyo kwenye keria. Betri ya lithiamu ya volti 36 yenye seli 10 mfululizo inajaa kwa volti 42. Ya 48 yenye seli 13, kwa 54.6. Pima chaja kwa multimita kabla ya kuichomeka. Chaji kwenye sakafu ya saruji, mbali na kitanda na njia ya kutokea. Njombe na Makete, Juni na Julai, iingize ndani ipate joto kwanza, maana kuchaji seli zilizo chini ya nyuzi 0 kunaziharibu kabisa. Betri iliyovimba usiichaji tena.

Kama mota yako inarudisha umeme ikishuka na unaishi juu, tuseme Iringa mjini, usijaze betri kabla ya kuteremka Ipogolo. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo. Kinga yake inaweza kukata, na msaada wa mota kwenye breki ukapotea katikati ya mteremko.

Matunzo. Angalia mistari ya nati kila wiki, na pedi za breki hata mara mbili kama unashuka kila siku. Spoki mpya hulegea mapema, kwa hiyo zikaze upya baada ya wiki ya kwanza. Kwenye matope ya Tukuyu osha kwa kitambaa na ndoo. Maji ya presha yanapenya kwenye mota na plagi.