Kutoka tawi hadi jina la kisayansi: jinsi ya kutambua mmea na kuandika jina lake sawasawa

Ukiulizia mwarobaini, unaweza kuonyeshwa mti mmoja leo na mwingine kabisa kesho. Wa kwanza ni Azadirachta indica, mwarobaini wenyewe. Wa pili ni Melia azedarach, ndugu yake wa karibu, ambaye matunda yake ni sumu kwa watu na mifugo. Anayechuma dawa kwa kutegemea jina la mtaani peke yake anabahatisha. Tutaitumia miti hii miwili kuonyesha kazi nzima, tangu kukata tawi hadi kuandika jina kwenye lebo.

Sampuli kwanza

Jani moja halitoshi. Kata tawi lenye majani kadhaa pamoja na maua au matunda, na vyote viwili vikipatikana ni bora zaidi, kwa sababu familia za mimea zimetenganishwa hasa kwa maua na matunda. Tawi liweze kukaa kwenye karatasi ya takribani sentimita 42 kwa 28. Likizidi, likunje kama herufi V au N badala ya kukata ncha yake. Kata vipande vitatu kutoka mti uleule na uvipe namba moja: kimoja cha kwako, kimoja cha kupeleka kwenye hebaria, yaani ghala la mimea mikavu, na kimoja cha mtaalamu wa familia hiyo. Ndani ya hifadhi au msitu wa serikali, tafuta kibali kabla ya kushika mkasi.

Andika papo hapo yale yatakayopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu kama upo na rangi yake, gome, na urefu wa mti. Ongeza tarehe, mahali pamoja na vipimo vya GPS, mwinuko, aina ya mazingira, jina la kienyeji na lugha ya aliyelitaja, kisha jina lako na namba ya sampuli. Usiseme "nitaandika jioni". Sampuli isiyojulikana ilikotoka ni kuni tu.

Kikaushio ni mbao mbili, kadibodi, magazeti na mikanda ya kubana. Laza tawi ndani ya gazeti na ugeuze angalau jani moja ili upande wake wa chini uonekane, maana vinyweleo na mishipa ya upande huo huulizwa sana wakati wa utambuzi. Badilisha magazeti kila siku katika siku za mwanzo. Ukichelewa, kuvu huingia na majani huwa meusi. Joto likizidi, majani hukauka hadi kuvunjika. Mimea inayopukutisha majani ikikauka ichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache kabla ya kuibana; seli zikishakufa, haina nguvu tena ya kuyadondosha.

Kushuka ngazi

Mpangilio wa viumbe ni wa ngazi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Huna haja ya kuanzia juu. Kwa mmea wenye maua, kazi halisi huanzia kwenye familia, na mkusanyaji mzoefu huipata kwa kuangalia mambo machache yanayoonekana kwa macho au kwa lenzi ndogo ya kukuza mara 10.

Angalia kama majani yanakabiliana kwenye kifundo kimoja au yanapishana. Yakikabiliana, yakawa sahili (yasiyogawanyika vijijani) na yasiyo na meno, na kukawa na kipande kidogo kama jani katikati ya vikonyo viwili, fikiria Rubiaceae, familia ya mkahawa. Yakikabiliana na tawi likatoa utomvu mweupe, anza na Apocynaceae. Shina la pembe nne lenye majani yanayokabiliana mara nyingi ni Lamiaceae, familia ya mrehani. Inua jani kwenye mwanga: vitone vinavyopitisha mwanga pamoja na harufu ya limau huelekeza kwenye Rutaceae. Hizi ni dalili tu, lakini zinaokoa saa nzima ya kupekua.

Baada ya familia unatumia ufunguo wa utambuzi. Huu ni mfululizo wa kauli zinazokuja mbili mbili. Unachagua inayolingana na sampuli, nayo inakupeleka kwenye jozi nyingine hadi ufike kwenye jina. Soma kauli zote mbili kila mara, hata ya kwanza ikionekana kufaa. Penye shaka, fuata njia zote mbili, na ile isiyo sahihi kwa kawaida itakufikisha kwenye sifa ambazo mmea wako hauna hata kidogo.

Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni kuhesabu vijijani kama majani. Jani la mwarobaini ni ambatani: mhimili mmoja wenye vijijani pande mbili. Utajuaje lipi ni jani zima? Tafuta chipukizi. Lipo kwenye kwapa, pale jani zima linaposhikana na tawi, wala halipo chini ya kijijani. Ukikosea hapo, unaingia kwenye familia nyingine tangu jozi ya kwanza.

Sasa weka matawi yetu mawili mezani. Kwenye Azadirachta indica, jani limegawanyika mara moja tu. Vijijani vimejikunja kidogo kama mundu, kingo zina meno, na kitako cha kila kimoja hakilingani pande mbili. Maua ni meupe. Kwenye Melia azedarach, mhimili wa jani unatoa mihimili mingine, na hiyo ndiyo inayobeba vijijani. Jani limegawanyika mara mbili, pengine tatu. Maua yana rangi ya zambarau hafifu, na matunda ni ya mviringo, ya manjano, yanayoning'inia mtini hata majani yakishapukutika. Ukipata jani lililogawanyika mara mbili katika nyika kavu, lakini maua ni meupe na tunda ni kubwa lenye kokwa ngumu sana, linganisha na Melia volkensii, ambao Wakamba huuita mukau.

Ufunguo ukishakupa jina, usiliamini bado. Lilinganishe na maelezo kamili ya spishi hiyo, kisha na sampuli zilizokwisha kutambuliwa. Hebaria ya Afrika Mashariki iko Nairobi (alama yake ni EA), ya taifa la Tanzania iko Arusha (NHT), ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni DSM, na ya Makerere ni MHU.

Kuandika jina

Jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza, la jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu au mahali. Yote mawili huandikwa kwa herufi za mlalo, yaani italiki, au hupigiwa mstari ukiandika kwa mkono. Ukishalitaja jina kamili mara moja, unaweza kufupisha jenasi: A. indica. Jina la familia lina herufi kubwa mwanzoni. Kwa mimea huishia na -aceae, kwa wanyama -idae.

Baada ya jina huja mwandishi wake, naye haandikwi kwa herufi za mlalo. Hapa ndipo watu hudhani mabano ni mapambo. Mvule ni Milicia excelsa (Welw.) C.C.Berg. Maana yake, Welwitsch ndiye aliyeipa spishi neno excelsa akiwa ameiweka kwenye jenasi nyingine, Morus, na Berg akaihamishia Milicia. Wanyama wana desturi tofauti: hutajwa mwandishi wa kwanza na mwaka tu. Simba ni Panthera leo (Linnaeus, 1758), na mabano yanakwambia kwamba Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimwita kwa jenasi nyingine, Felis.

Mwarobaini hauna mabano: Azadirachta indica A.Juss., kifupi cha Adrien de Jussieu. Linnaeus alikwisha kuuita Melia azadirachta mwaka 1753, na kwa kawaida neno lake la pili lingehamia kwenye jenasi mpya. Lakini lingezaa Azadirachta azadirachta, na kanuni za mimea hazikubali neno la pili lirudie jenasi. Kanuni za wanyama zinakubali, ndiyo maana tuna Gorilla gorilla bila tatizo.

Usipofika kwenye spishi, andika Dalbergia sp. Ukizungumzia spishi kadhaa, tumia spp. Sampuli ikifanana na spishi fulani lakini ikahitaji kuthibitishwa, weka cf. kati ya maneno mawili. Vifupisho hivi havilazwi. Kusema sp. si aibu, kulazimisha jina ndiyo aibu.

Kisha hakiki kama jina bado linatumika. Vitabu vya zamani vya misitu vitakupa Chlorophora excelsa, ambalo leo ni kisawe cha Milicia excelsa, na miti mingi ya migunga iliyokuwa Acacia sasa iko Vachellia au Senegalia. Tovuti ya Plants of the World Online ya Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, huonyesha jina linalokubalika pamoja na visawe vyake.

Mmea ukigoma kulingana na chochote, mpelekee mtaalamu wa familia sampuli ile ya tatu kabla ya kutangaza spishi mpya. Kwa mimea, jina jipya lazima lichapishwe pamoja na maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, likiwa limefungwa kwenye sampuli moja iliyotajwa, yaani holotaipu, na hebaria inayoitunza itajwe pia.

Ukigundua baadaye kuwa sampuli ilipewa jina lisilo sahihi, usifute wala kubandua lebo ya mwanzo. Bandika kikaratasi kingine kando yake chenye jina sahihi, jina lako na mwaka.