Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Wikendi na Wanafunzi Wenzako Ughaibuni

Wanaosoma nje ya nchi huzoeana haraka zaidi safarini kuliko darasani. Lakini safari hiyohiyo yaweza kuligawa kundi, na mgawanyiko huanza kabla tiketi hazijakatwa.

Anzeni na pasipoti, maana hapo ndipo watu huachwa bila mtu kukusudia. Mpaka ambao mmoja anauvuka bila kuulizwa lolote, mwenzake anauhitajia viza. Chukua Ireland: haimo katika Schengen, eneo la nchi 29 za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, hivyo kibali cha kusoma Dublin hakimwingizi mtu Ufaransa. Kama pasipoti yake inadai viza, ombi linatakiwa kupelekwa angalau siku 15 kabla ya safari. Mkipanga Jumatano kuondoka Ijumaa, huyo ameshabaki. Mwenye viza ya kuingia mara moja naye akishatoka nchi anayosoma, kurudi ni kazi. Ulizaneni mapema, kisha chagueni mahali ambapo wote mnafika. Mji mwingine ndani ya nchi hiyohiyo unatosha kabisa, kwa sababu mnachokifuata ni kuwa pamoja.

Fedha nazo zataka kusemwa waziwazi. Asiye nazo hatasema hana; atasema ana kazi ya kumalizia. Kwa hiyo tajeni kiwango cha juu cha matumizi kabla ya kuuliza nani anakuja: nauli, malazi, chakula na viingilio. Kiwango kipangwe kwa kumfikiria mwenye kipato kidogo, naona hilo halina mjadala. Mmoja aandike kila anayelipia wenzake, na hesabu zifungwe kila usiku kabla ya kulala. Deni dogo lisilotajwa hukaa moyoni kuliko kubwa linalodaiwa.

Halafu mwalikeni yule mkimya. Ujumbe kwenye kundi la simu yeye huusoma kama tangazo la wengine. Mfuate baada ya kipindi, mwambie siku, saa na gharama, na kwamba mngependa awepo.

Kukaa na watu wa kwenu ni faraja, hasa miezi ya mwanzo, wala si kosa. Ila safarini wenye lugha moja wakijazana chumba kimoja, mtarudi kama mlivyokwenda. Gawaneni vyumba kwa kuchanganyika, na mezani tumieni lugha ambayo wote wanaielewa. Wawili wakianza kucheka kwa lugha yao, wa tatu huchukua simu yake, na kumrudisha kwenye mazungumzo ni vigumu.

Kabla ya kulipia malazi, ulizeni nani anaamka alfajiri kuswali, nani hanywi pombe, nani hali nyama, nani hawezi kulala chumba cha watu wengi. Ratiba iache pia saa chache ambazo mtu anaweza kutembea peke yake bila kuonekana amenuna. Wasiozoea makundi huhitaji hilo ili wafurahie yaliyobaki.

Yaliyosalia ni mafupi: dawa zako, chaja, bima inayokubalika mnakokwenda, na nakala ya pasipoti iliyowekwa mbali na pasipoti yenyewe. Namba ya dharura muijue wote. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia 112. Kubalianeni mtakutana wapi mtu akipotea simu ikiwa imezima, na tiketi za kurudi zisiwe za usafiri wa mwisho wa Jumapili.