Somo: Jinsi ya kuwinda makasha kwa GPS (jiokashingi), kuanzia namba kwenye simu hadi saini kwenye karatasi

Habari wakuu. Wengi mmeuliza mchezo huu wa jiokashingi unachezwaje, na wapo waliojaribu mara moja, wakarudi mikono mitupu, wakasusa. Somo hili ni lenu hasa. Mchezo wenyewe ni huu: mtu anaficha kasha, anatangaza mtandaoni namba za mahali lilipo, na wengine wanakwenda kulitafuta na kusaini karatasi iliyo ndani. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke: GPS inakufikisha mahali, kasha unalipata kwa macho. Wanaokata tamaa mapema, karibu wote huwa wameganda kwenye skrini wakati ambapo simu ilitakiwa iwe mfukoni.

Kwa ufupi mchezo ulivyoanza. Zamani jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga kwa makusudi ishara ya GPS wanayopokea raia, hivyo kifaa kingeweza kukosea hata mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa usiku wa kuamkia Mei 2, 2000. Siku iliyofuata, Mei 3, Mmarekani aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, video, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage, kisha akatangaza viwianishi, yaani namba za mahali ilipo, kwenye intaneti. Kanuni yake: chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Hazikupita siku nyingi ndoo ikapatikana, na leo kuna makasha zaidi ya milioni 3 duniani. Moja lilipelekwa hadi kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2008.

Hatua ya 1: Jisajili. Tovuti kubwa ni Geocaching.com, ina programu ya simu na akaunti ya kuanzia ni bure. Chagua jina la kuchezea ambalo ni fupi. Utaliandika kwenye vikaratasi vyembamba kuliko kidole, kwa hiyo jina la herufi ishirini litakutesa.

Hatua ya 2: Chagua kasha la kuanzia. Kila kasha lina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: ugumu wa kulitafuta na ugumu wa njia. Njia ya 1 inapitika hata kwa kiti cha magurudumu. Njia ya 5 inataka mtumbwi, kamba za kupandia au kifaa kingine maalumu. Anza na ugumu usiozidi 2. Tazama na ukubwa: dogo kabisa halifikishi mililita 100, la kati ni lita 1 hadi 20. Mgeni atafute la kati. Halafu soma ripoti za waliotangulia. Kama wanne wa mwisho wote wameandika "Sijalipata", huenda kasha halipo tena, nenda kwingine.

Hatua ya 3: Beba vitu hivi. Penseli, maji, chaji ya akiba, kijiti, glavu ukipenda, na vitu vidogo vya kubadilishana. Kijiti nakisisitiza. Usiingize mkono kwenye tundu usiloliona ndani, kwa sababu nyigu, buibui na siafu nao wanapenda sehemu kavu zenye giza.

Hatua ya 4: Tembea kwa akili. Mshale wa kwenye simu unaokuelekeza kwenye kasha hauoni mto, ukuta wala korongo. Unaweza kuambiwa zimebaki mita 60 na kumbe kasha liko ng'ambo, na daraja uliliacha nyuma kilomita mbili. Tazama ramani kabla ya kuondoka. Na kabla hujaingia porini weka alama mahali ulipoacha gari au baiskeli. Kuna watu hufika kwenye kasha bila shida, kisha wakahangaika saa nzima kulitafuta gari lao.

Hatua ya 5: Mita kumi za mwisho. Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa ndipo watu wanapokwama.

Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya miti minene au katikati ya majengo marefu kosa linaongezeka, maana ishara inagonga kuta kwanza ndipo ikufikie. Aliyeficha naye alipima kwa kifaa chenye kosa lake. Jumlisha makosa hayo mawili uone kwa nini mtu anayesubiri skrini isome "mita 0" anazunguka kama kuku aliyefungwa mguu.

Fanya hivi. Ukibakiza kama mita 20, simama, tazama mshale unaelekea wapi, ukumbuke mti au jiwe lililo upande huo. Zunguka, sogea kutoka upande mwingine, tazama tena. Pale mielekeo inapokutana ndipo pa kuanzia. Sasa weka simu mfukoni. Jiulize: ningekuwa mimi, ningelificha wapi ili mvua isiliguse na mpita njia asilione? Tafuta kisicho cha kawaida. Mawe yaliyopangwa vizuri mno. Vijiti vilivyolala sambamba shinani. Gome lisilofanana na la mti wake. Boliti isiyoshika kitu chochote: hizo mara nyingi ni sumaku zenye kikaratasi ndani. Pitisha mkono chini ya mabomba ya ngazi na mabenchi ya chuma.

Ukishindwa, fungua dokezo la aliyeficha. Huwa limefichwa kwa kusogeza kila herufi nafasi 13, yaani A inakuwa N, lakini programu inalifumbua kwa kubonyeza tu. Kusoma dokezo hakupunguzi heshima yako hata kidogo. Ila usibomoe ukuta, usivunje tawi, usichimbe. Kasha linaloruhusiwa halifukiwi ardhini, kwa hiyo ukijikuta unachimba, jua uko mahali pasipo.

Hatua ya 6: Saini, badilishana, rudisha. Saini na uandike tarehe. Ukichukua kitu, acha chenye thamani sawa au zaidi. Funga kifuniko hadi kibane, rudisha palepale na ulifunike kama ulivyolikuta. Usilihamishe hata kama unaona umepata maficho bora. Anayekuja kesho anafuata viwianishi vilevile.

Hatua ya 7: Andika mtandaoni. Ulilipata, andika. Hukulipata, andika pia. "Sijalipata" inamsaidia mwenye kasha kujua pengine limepotea, na inamwokolea mwenzako safari.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu somo zuri. Kwa nini penseli, kwani kalamu ina ubaya gani?
Jibu: Karatasi mara nyingi ina unyevu. Kalamu inateleza au wino unasambaa, penseli inaandika.

Swali: Nilifuata namba zilivyo, nikafika shambani katikati, hakuna jiwe wala mti. Wenzangu wanalipata. Nimekosea wapi?
Jibu: Nahisi ni muundo wa namba, ndugu. Chukua namba za ndoo ya Ulmer: N 45° 17.460. Maana yake dakika 17 na sehemu 460 za elfu (dakika hapa si ya saa, ni sehemu ya digrii: digrii moja ina dakika 60, na dakika moja sekunde 60). Ukiiandika kwenye ramani kama dakika 17 na sekunde 46, umeruka zaidi ya mita 500 kuelekea kaskazini. Longitudo yake, W 122° 24.800, ingekushtua mapema, kwa sababu sekunde 80 hazipo, zinaishia 59. Angalia mipangilio ya kifaa chako: digrii na dakika zenye desimali.

Swali: Watu wakinitazama naona aibu. Juzi mlinzi kaniuliza natafuta nini kwenye uzio.
Jibu: Mwambie ukweli, umwoneshe na simu. Wengi hucheka na wengine huanza kutafuta na wewe. Kuwa na wasiwasi na kunyata ndiko kunakoleta shida, na kuna nchi ambako makasha yameshawahi kudhaniwa kuwa mabomu, wataalamu wakaitwa kuyalipua. Kama mahali pana watu wengi, kaa kwenye benchi, jifanye unaongea na simu, subiri wapungue. Wakigoma kuondoka, rudi siku nyingine. Kulitoa kasha mbele za watu ni kuwafundisha pa kuja kulichukua.

Swali: Mtoto wangu amekuta kibati chenye namba na mnyororo, amekipenda, amekichukua kama zawadi. Ni sawa?
Jibu: Hicho ni kibati cha Travel Bug, dada, na kipo safarini. Namba yake inafuatiliwa mtandaoni, na mwenyewe huwa amekipa lengo, kwa mfano kifike nchi fulani. Ingiza namba uone kinataka kwenda wapi, kisha mpe mtoto kazi ya kukisogeza hadi kasha linalofuata. Watoto wanaipenda sana kazi hiyo kuliko kukiweka kabatini.

Swali: Nataka kuficha la kwangu. Naweza kuweka pipi ndani?
Jibu: Hapana. Harufu inaita panya na wanyama wengine, watalitafuna kasha lote. Kopo la maharage la mwaka 2000 leo lisingekubaliwa. Tafuta chombo kisichoingiza maji, omba ruhusa ya mwenye eneo, hakikisha makasha mengine yako mbali kwa mita 161 au zaidi. Epuka shule, reli na maeneo ya jeshi. Wapo wahakiki wa kujitolea watakaolipitia kabla halijatangazwa. Chagua mahali unapoweza kufika mara kwa mara, maana karatasi itajaa, kifuniko kitapasuka, na anayetakiwa kwenda ni wewe. Viwianishi vipime siku mbili tatu tofauti uchukue wastani, maana kosa lako pale atalibeba kila atakayekuja kutafuta.