Habari za nishati, kesi na kauli za wakubwa: soma hivi kabla hujashea

Habari ya nishati siku hizi mara nyingi inakuja na kesi mahakamani na mkubwa fulani kaongea kitu, na watu wanaanza kurushiana maneno kabla hata ya kuifungua. Mi nazifuatilia sana maana ndo zinaamua nani apate umeme, kwa bei gani na tuvute hewa gani, so inaniuma nikiona mtu anabeba kichwa cha habari tu anaondoka nacho.

Kitu cha kwanza, tafuta amri. Hukumu inaweza kuwa na kurasa nyingi mpaka ukachoka ila kinachombana mtu ni ile sehemu majaji wanaposema fulani afanye hiki au asifanye. Chukua kesi ya Shell, kampuni ya mafuta, pale The Hague, Uholanzi. Mei 2021 mahakama iliiamuru ipunguze hewa ukaa kwa 45% ifikapo 2030 ukilinganisha na 2019, watu wakashangilia. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta ile amri, basi kila kona ni Shell kashinda, kesi za tabianchi zimekwisha. Sasa isome yenyewe: majaji wa rufaa walisema kabisa kwamba Shell ina wajibu wa kupunguza, walichokataa ni kuipangia asilimia maalum. Hapo wajibu umebaki na namba imeondoka, na kwa mtu anayetaka kufungua kesi nyingine kesho hiyo ni tofauti kubwa mno. Na Februari 2025 wanaharakati wakaipeleka juu zaidi, so kila ukisikia "mahakama imeamua" uliza mahakama ipi, na juu yake kuna nani.

Pia angalia kilichokuwa kinabishaniwa kama kilikuwa hai. Mpango wa Obama wa 2015 wa kupunguza uchafuzi wa mitambo ya umeme ulisimamishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Februari 2016, haukuwahi kuanza kazi, halafu Juni 2022 kwenye kesi ya West Virginia majaji 6 dhidi ya 3 wakasema Bunge halikulipa shirika la mazingira, EPA, mamlaka ya kulazimisha umeme uhame toka makaa ya mawe kwenda vyanzo vingine kwa mtindo ule. Wengi wakaandika EPA haiwezi tena kugusa hewa ukaa. Hapana, uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa 2007 uliosema hewa hizo ni uchafuzi unaoweza kudhibitiwa kisheria haukufutwa na hukumu hiyo. Na kinachonigusa zaidi, lengo la mpango lenyewe, kushuka 32% toka kiwango cha 2005 ifikapo 2030, lilishafikiwa miaka mingi kabla bila mpango, kwa sababu gesi, upepo na jua vilikuwa vimeshuka bei. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hukumu nenda kasome na bei.

Maoni ya ushauri nayo, kama yale ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 2025 kuhusu tabianchi, yana uzito mkubwa ila hayamfungi mtu kama hukumu ya kesi, usiyachanganye.

Namba. Megawati ni uwezo wa mtambo, umeme uliotoka kweli unapimwa kwa megawati-saa. Megawati 100 za jua zikifanya kazi kwa wastani wa 20% ya uwezo zinatoa kama megawati-saa 175,000 kwa mwaka, megawati 100 za nyuklia kwa 90% zinatoa zaidi ya 788,000. Mtu akikulinganishia megawati kwa megawati anakuficha hilo, hata kama hajui.

Bei ya mafuta uliza ni ya mafuta gani na ya lini. Aprili 20, 2020 bei ya WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ilifunga kwenye hasi, dola 37.63 chini ya sifuri, lakini ule ulikuwa mkataba wa kupokea mafuta mwezi Mei uliobakiza siku moja kuisha huku matangi ya Cushing, Oklahoma, mafuta hayo yanakopokelewa, yakikaribia kujaa. Brent, mafuta ya Bahari ya Kaskazini, siku hiyohiyo ilikuwa juu ya sifuri vizuri tu.

Wakubwa sasa. Mi huwa natenganisha alichosema, alichosaini na kilichoanza kutumika. Trump alisaini kujitoa Mkataba wa Paris, ule wa nchi kupambana na mabadiliko ya tabianchi, Januari 20, 2025, kwenye habari ikawa Marekani imetoka, wakati mkataba wenyewe unataka mwaka mzima upite toka taarifa ipokelewe, so kutoka kwenyewe ni Januari 2026. Mwanasiasa akiahidi kushusha bei ya mafuta angalia ana kalamu ya nini hasa, maana vibali na kodi anaweza kugusa, bei ya soko la dunia haiko mezani kwake.

Na hukumu za mahakama kubwa nyingi ziko bure mtandaoni. Fungua, soma amri, halafu soma na majaji waliopinga, kwenye ile ya 2022 Jaji Kagan ndo aliandika, na huko ndo utaona hoja ya walioshindwa ikiwa na nguvu zake zote.